Divai Tuliyokunywa Ukuta Ukiwa Katikati

Mpendwa mama mkwe,

Leo nimekuja Kalama na ile chupa ya tatu. Unaijua. Ndiyo ile tuliyosema tutaifungua mezani, wewe upande huu na mimi upande ule, tukitazamana. Nimeileta imezungushiwa gunia lililoloweshwa maji, maana najua ungeuliza kama imepoa. Binti yako Ndunge amefungua nyumba yako na sasa anagombana na vumbi huko ndani. Mimi nimekaa nje kwanza, kwenye benchi langu la siku zote, nikuandikie haya.

Nikiwaambia watu wa mjini kwamba nimemuoa binti yako miaka yote hii na sikuwahi kukaa nawe chumba kimoja, wanacheka. Wanadhani tulikosana. Nimechoka kuwaeleza kwamba ilikuwa heshima, kwamba kwa wazee wetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono. Wenzako wengi waliacha mambo hayo zamani. Wewe hukuacha. Jumapili moja ulinikuta njiani ukitoka misa, ukajitosa kwenye shamba la mbaazi na kitabu chako cha nyimbo, nami nikapita nikitazama milima. Kwa hiyo nilikujua kwa sauti tu: wewe jikoni nyuma ya ukuta wa mbao, mimi hapa nje, na Ndunge katikati akipeleka maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia.

"Ndunge, uliza mkwe kama amekula."

"Mwambie mama nimekula."

"Mwambie anadanganya."

Unakumbuka chupa hizi zilivyokuja? Hoteli ninakohudumia vinywaji pale Machakos ilibadilisha orodha yake, zikabaki tatu za divai nyeupe yenye povu kutoka Afrika Kusini, na meneja akanipa. Wateja walikuwa hawaziagizi. Mimi nilizipenda kwa sababu zabibu zake zote zilichumwa mwaka mmoja, kutoka kwa mizabibu mizee iliyopandwa kabla sijazaliwa. Nikasema hizi nitampelekea mtu anayejua kinywaji. Nani Kalama hakujua kaluvu, ile pombe ya asali mliyokuwa mkitengeneza wewe na marehemu baba, watu wakija na mahari?

Ya kwanza tuliiharibu. Kizibo kiliruka, kuku wakatawanyika, Ndunge akakupelekea glasi na chupa yenyewe. Halafu nikakusikia.

"Ndunge, hii kitu bado inachemka! Mkwe anataka kuniua na pombe mbichi?"

Kwenye kaluvu povu ni dalili kwamba bado haijaiva, kwa hiyo ukaifanyia kama ulivyoifanyia kaluvu maisha yako yote. Ukairudisha ya glasi ndani ya chupa, ukafunika mdomo kwa kitambaa, ukaiweka karibu na mafiga itulie mpaka asubuhi. Ikatulia kweli. Kesho yake Ndunge aliniletea ujumbe huku akijizuia kucheka: "Mama anasema pombe yako imelala, na haina hata maneno."

Ya pili niliileta Pasaka. Siku hiyo sikumngoja Ndunge. Nilisema na wewe moja kwa moja kupitia mbao, mara ya kwanza.

"Mama, usingoje. Hii povu ndiyo yenyewe. Imechemkia ndani ya chupa ikaisha, ikakaa na hamira yake miaka. Kunywa sasa."

Nikajua nimevuka mpaka. Kisha ukasema, "Sawa. Mimina."

Tulikunywa polepole. Nikasikia umeweka glasi chini, ukaguna. "Divai ya Padre haina hii povu. Padre anaibiwa." Nilicheka mpaka nikamwaga. Ukaendelea, sasa kwa sauti ya mtu aliye kazini: "Inaanza na limau. Halafu nyuma inakuja mkate. Mkate wa kuchomwa." Nikaonja tena, nikaukuta mkate pale pale uliposema. Vipovu vyake vilikuwa vidogo, havikuchoma pua kama soda, na ule ukali ulibaki mdomoni hata baada ya kumeza. Kazini nawaeleza wageni mambo haya kila siku, lakini sikuwahi kuonja na mtu namna ile. Ndipo uliposema, "Mkwe, usikunje uso, si dawa." Na kweli nilikuwa nimeukunja. Nilidhani Ndunge amekunong'onezea.

Nilipokwambia kwamba mizabibu mizee huzaa vichala vichache, na wenyewe wanaitunza kwa ajili ya hivyo vichache, ulipaza sauti kijiji kizima kisikie. "Na kijana wangu anataka kung'oa machungwa yangu eti imezeeka! Ndunge, mwambie kaka yako akuje asikie." Michungwa bado ipo. Hakuna aliyethubutu.

Ukamalizia: "Ile ya mwisho tutakunywa kwa meza." Nilijua maana yake. Nilete mbuzi na blanketi la kuondoa mwiko wetu maharagwe yakishavunwa, wazee wale nyama, na tangu siku hiyo tusikimbiane tena. Nilinunua blanketi la kijani. Kabla ya mavuno ukalala usiamke, na blanketi hilo ndilo walilokufunikia.

Siku ya mazishi ndipo nilipokutazama usoni kwa mara ya kwanza, nikatazama nilivyotaka, nawe hukuweza kunitazama. Hilo linaniuma, mama. Linaniuma mpaka leo. Nilitaka unione, hata mara moja tu, ujue mtu uliyempa binti yako yukoje.

Nimeacha kuandika kidogo, Ndunge alikuwa ananiita jikoni. Sikuwahi kukanyaga jikoni mwako. Amenipangusia kigoda chako pale kwenye mbao, akaniambia nikae. Nimekaa. Mbele ya macho yangu pana tundu, fundo la ubao lilipodondoka, na kingo zake ni laini, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Nimechungulia. Naona benchi langu lote, na gunia langu juu yake.

"Hukujua?" Ndunge ameniuliza. "Ukikuja alikuwa anakaa hapo tu. Alikuwa anasema, huyu akikunywa anakunja uso kama mtoto."

Sijui nimecheka au nimelia, kwa kweli vyote viwili. Heshima yote ile, mama! Mimi natazama milima, wewe umebandika jicho kwenye tundu.

Nimetoka nje, nimefungua chupa. Kuku wametawanyika. Glasi yako nimeiweka kule nje benchini, mahali pangu, nami nimerudi kwenye kigoda chako ninaiangalia kupitia tundu. Povu linapanda. Nimeonja ya kwangu, sijangoja litulie.

Pumzika, mama. Limau ipo, na mkate upo.

Mkwe wako,
yule wa benchini