Jina la Mama kwenye Kompyuta

Ndugu yangu Were,

Nilifika salama, ila matope ya huku Mutuini yamemaliza viatu nilivyovaa mazishini.

Kazini siku hizi tunapitisha invoisi, yaani hati za wauzaji za kudai malipo, kwa kompyuta. Leo nimekuta invoisi za mali ambayo hatujawahi kupokea, zimepitishwa kwa jina langu, siku ileile tuliyomzika Mama. Nikamuuliza Fidel, mhasibu wetu. Akacheka, andazi mdomoni.

"Si ni wewe uliniachia paswadi yako ukienda matanga? Nimekusaidia tu, Nanyama."

Were, paswadi ni jina la Mama. Sisi tukimwaga udongo, yeye alikuwa analiandika ili aibe.

Kesho naenda kwa mkurugenzi kusema yote, hata kwamba nilimpa paswadi, kazi iishe ikitaka. Jina la Mama nimelitoa kwenye paswadi, kibodi nimeipangusa sukari ya maandazi yake. Bado inanata.

Dada yako,
Nanyama