Samaki Wako Walipotoweka Kwenye Ukurasa

Baba yangu,

Nakuandikia kutoka saiba yangu, hili duka langu la intaneti hapa Kaloleni, nikiwa nimekalia kiti cha dirishani ulichokuwa ukikipenda. Kuna jambo lilitokea kwenye tovuti yako ya samaki, na kama ungekuwepo, wewe ndiye ningekupigia simu kwanza.

Unakumbuka ulivyoianza? Ulikuwa umestaafu kazi ya kupima samaki kule Asembo Bay, ukaja hapa na kamera iliyojaa picha, ukaniambia, "Nyara, binti yangu, nifundishe hii kitu." Nilikufundisha kidogo nilichojua. Haukupita muda ukawa umenizidi, na maswali yako hayakuisha. "Ukurasa unajuaje picha iko wapi?" uliniuliza siku moja. Nikakujibu kwamba unaandikiwa njia ya kufika kwenye picha. Ukafikiri kidogo, kisha ukasema, "Kama kumwelekeza mgeni. Lakini mgeni unamwelekeza kuanzia stendi, au kuanzia pale amesimama?" Nilicheka, nikaendelea kumtolea mteja nakala za vyeti vyake.

Tangu ulipotuacha, Mama amekuwa akiifungua tovuti hiyo kwenye simu kila asubuhi, kikombe cha chai kando yake. Anapitisha kidole tu: ngege, mbuta, kamongo, omena. Anasema anakusikia katika yale maelezo ya chini ya picha, hasa pale unapobishana na wavuvi.

Kisha seva uliyokuwa ukiitumia ikafungwa, nami nikahamishia kila kitu kwenye seva nyingine, ndani ya folda niliyoipa jina lako. Asubuhi yake Mama alikuja saiba bado amejifunga leso ya nyumbani, akaniwekea simu mezani. Ukurasa ulikuwa mweupe. Ile buluu uliyohangaika kuitafuta hadi ikafanana na ziwa la asubuhi haikuwepo. Maandishi yalikuwa yamerundikana upande wa kushoto, na mahali pa kila samaki palikuwa na kisanduku kidogo kilichopasuka.

"Sasa hata huku ameondoka," alisema.

Nilimvutia kiti. Nikafungua folda mbele yake nikamwonyesha: picha zilikuwepo, na faili la mitindo, lile linaloupa ukurasa rangi na mpangilio, nalo lilikuwepo.

"Kama ziko, mbona hazionekani?"

Lilikuwa swali la aina yako kabisa, Baba. Huzuni yangu ikakaa pembeni kidogo, nami nikataka kujua.

Nikachungulia ukurasa ulikuwa unazitafuta wapi. Njia zako zote zilianza na mkwaju, ule mstari mdogo ulioinama, na maana yake ni: anzia mwanzo kabisa wa tovuti. Zamani huko mwanzo ndiko ulikokuwa unakaa. Sasa nilikuwa nimekuhamishia ndani ya folda, na njia zako bado zilikuwa zinampeleka mgeni stendi. Nikaufuta mkwaju kila ulipokuwa. Ukurasa wa kwanza ukarudisha buluu yake, na samaki wakajitokeza mmoja baada ya mwingine. Mama akatabasamu, akamgusa ngege ili amsome. Ukurasa wa ngege ukafunguka mweupe vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukiniuliza. Kurasa za ndani zimesimama mahali pengine, kila moja kwenye folda yake ndogo. Ukimwelekeza mtu kuanzia pale aliposimama, lazima ujue amesimama wapi. Basi nikaliandika jina la folda mara moja tu, kwenye faili la mipangilio, nikafanya kila njia ianzie hapo. Tukihama tena, nitabadilisha mstari mmoja. Ungenikatalia ufundi huo kwanza, halafu ungeuiga.

Walibaki wachache waliokataa kutokea, ningu akiwa wa kwanza. Nikaangalia majina ya faili zao. Ngege ulimwandika kwa herufi ndogo, mbuta vivyo hivyo, lakini huyu ulimwandika NINGU, herufi kubwa tupu, wakati ukurasa ulikuwa unamwita kwa herufi ndogo. Seva ya zamani haikujali tofauti hiyo. Hii mpya inajali.

"Baba alisahau kuzima kile kitufe cha herufi kubwa," nikamwambia Mama, na nikashika faili nilibadilishe jina.

"Wacha. Hakusahau." Alisogea karibu na skrini. "Alisema hao ni wale hawaonekani siku hizi. Alisema hao lazima waitwe kwa sauti."

Nikaliacha jina kama ulivyoliandika. Nilirekebisha ukurasa, nao sasa unamwita kama ulivyomwita wewe.

Ningu alipotokea, Mama alimtazama kwa muda, kisha akamtumia Mama Awuor picha hiyo. Unamjua, yule rafiki yake anayekausha omena Asembo. Jibu lilikuja kwa sauti, akimwita Mama kwa jina langu kama kawaida yake: "Min Achieng', huyu si ndiye tulipata juzi mvua iliponyesha? Sisi tulishangaa tu, vijana hawakumjua jina." Likafuatwa na picha ya samaki ndani ya beseni, imepigwa vibaya, kivuli cha mtu kikiwa juu yake.

Mimi sikuweza kusema ni yeye au siye. Mama aliivuta picha ikawa kubwa, akautazama mdomo. Umekaa chini, akasema, kama wa samaki anayelamba mawe. Lakini hana hakika. Anataka amwone kwa macho, na awaulize walimpata upande gani wa mto, maana ningu hupanda mtoni wakati wa mvua.

Kwa hiyo Jumamosi tunaenda Asembo. Mama ndiye aliyeamua, wala sikumshawishi. Hajakanyaga huko tangu tulipokuzika, na kila niliposema twende alikuwa na goti linalomuuma. Leo asubuhi nimemkuta akichaji kamera yako, akinung'unika kwamba hajui kifuniko cha lenzi ulikiweka wapi.

Oriti, kwaheri, Baba. Pumzika vyema.

Mimi binti yako,
Achieng'