Farasi wa Kijivu Alikuwa Anachechemea

Kwako mdogo wangu, fundi saa,

Natumai barua hii itakukuta umejikunja ndani ya kile kibanda chako, lenzi jichoni, unachokonoa tumbo la saa ya mtu. Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji, nawasalimu wanao wote, na zaidi yule wa pili aliyerithi masikio yangu, masikini. Mimi huku sijambo kabisa. Juzi nimepanda ngazi za nyumba hii mpaka ghorofa ya nne, ngazi themanini na nne, bila kugusa ukuta, na kule juu nikamkuta jirani, mtu wa miaka thelathini, anahema kama mvukuto, nikampa pole.

Haya, nisikudanganye barua ikiwa bado changa. Ngazi sijazipanda tangu nyonga ivunjike mwaka jana, na lifti ya hapa ilikufa kabla ya nyonga yangu. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Huko chini usiniulize.

Nakaa kwa binti yangu, yule mwalimu wa Kiingereza. Ananitunza vizuri mno, na hapo ndipo penye tabu. Asubuhi ananiwekea chai kwenye chupa, mkate chini ya sahani, ndoo karibu na kiti, kisha anafunga mlango kwa nje na kwenda na ufunguo. Anasema ni kwa sababu siku moja nilijaribu kushuka nikakutwa nimekaa ghorofa ya tatu, nimekwama, nawasalimu wapitao kama mjumbe wa nyumba kumi. Mpaka saa kumi arudi, mimi nina kiti, dirisha na ukuta wa nyumba ya pili. Kwenye ukuta ule kuna dirisha moja, na mama mmoja hupiga pasi pale. Nilimpungia mkono kwa heshima zote. Siku hizi anapiga pasi pazia likiwa limefungwa.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nimeilalia, kweli kabisa, ipo chini ya godoro, na binti yangu anadhani imetoka kwa mwanamke. Unasema mwanao ameitwa kazini, mbali, na kampuni ya kufunga lifti, na kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wako na wa marehemu baba. Unasema pia macho yako yameanza kukusaliti, kibanda kinataka mtu, na kijana amenuna, hata chakula hali vizuri. Kisha unasema lile karatasi gumu ulilobandika juu ya meza yako, lenye maneno ya yule mzee wa kwenye filamu ya makauboi, limeliwa na mende, na kilichobaki ni “baba ni mmoja” tu. Unaniomba mimi niliyetafsiri niyaandike upya, neno kwa neno, umsomee mwanao kabla hajajibu ile kampuni. Umeniandikia kwa adabu sana, umeniita “Profesa” kama zamani. Nilipofika hapo nikakunja karatasi nikaomba chai.

Sasa nikueleze habari nyingine, ingawa ni ileile.

Binti yangu aliona nazeeka vibaya na kiti, akaninunulia zawadi. Ni kasha la bati, nje limechorwa farasi, ndani limejaa diski: ile filamu yetu ya makauboi ya kila Jumamosi, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Sikujua kama mambo yale yanaweza kurudi. Nilidhani yalipopita hewani yaliisha, kama moshi. Kumbe wenyewe walikuwa wameyatunza, wameyasafisha, wameyatia kwenye kasha, na mtu yeyote anaweza kuyasimamisha, akayarudisha nyuma, akayatazama usoni. Binti alifurahi kuliko mimi. Amekua akisikia kwamba baba yake ndiye aliyekuwa mkalimani wa mtaa mzima pale kwa fundi cherehani, watu wamejaa mpaka mlangoni, televisheni inavuta betri ya gari, na mimi nimesimama pembeni na fimbo nikiwaambia kauboi huyu kasema nini na yule kajibu nini.

Jumapili ya kwanza akakaa nami, akataka nimtafsirie kama enzi zile. Kichwa kikanivimba. Akatokea sherifu, yule askari mwenye nyota kifuani, amevua kofia, anazungumza taratibu na mpishi, nikamwambia binti kwamba sherifu anaapa kwa mifupa ya mama yake kuwa damu haitamwagika bure. Yule mtoto akanitazama, akatazama televisheni, akaniambia kwa upole kwamba, baba, anauliza nani amekula maharagwe yake.

Nilicheka, mdogo wangu, nikasema nilikuwa napima masomo yake. Hakucheka. Aliniuliza mimi nilisoma Kiingereza wapi. Nikamtajia ile ofisi ya Wazungu niliyofagia ujanani. Akaniuliza nilifagia kwa muda gani. Nikasema miezi miwili. Akatikisa kichwa, na walimu wakitikisa kichwa unajua tayari wamekwisha kukusahihisha.

Jumatatu alipofunga mlango nikaanza kutafuta kile kipande cha yule mzee na mwanawe. Nilitafuta siku nne, diski moja baada ya nyingine, kidole kimeota sugu kwenye rimoti. Kila mlango wa baa ukifunguliwa moyo unaruka. Alhamisi kabla ya adhuhuri nikampata farasi wa kijivu amefungwa mbele ya nyumba ya mbao, na yule kijana anatoka na begi lake, na mzee wake amesimama barazani na suruali imeshikwa na kanda za mabegani. Nikaisimamisha picha palepale. Mzee amefumbua mdomo, na mimi nimefumbua wangu. Tukakaa hivyo mpaka binti aliporudi kutoka kazini.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, lakini niache niiseme, maana wewe unakumbuka ulichoambiwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Wewe una miaka ishirini, sanduku limefungwa tayari, na mfukoni una barua ya kuitwa kwenye mafunzo ya udereva wa treni. Ulitakiwa uripoti Jumatatu. Macho ya baba yameanza kuingia ukungu. Alikwisha kusema kwamba kibanda hakiwezi kufungwa, atakikalia mmoja wetu. Kwa desturi ya kila nyumba aliyepaswa kukikalia ni mkubwa, yaani mimi. Wewe ukiondoka Jumatatu, mimi Jumanne nimekalia stuli ile mpaka kufa. Hilo nililijua vizuri kuliko Kiingereza.

Basi yule mzee wa kwenye picha akasema maneno yake. Kijana akamtazama, akarudi kwa farasi wa kijivu, akaanza kumvua tandiko. Papo hapo betri ikafa, picha ikajikunja ikawa nukta. Watu wote wakanigeukia. Wewe ndiye uliyeuliza, sauti yako ndogo, mzee amesemaje. Nikasema bila kumeza mate kwamba mzee amesema: “Mwanangu, farasi ni wengi, baba ni mmoja. Ukivuka kilima kile, siku ya kurudi utapokelewa na kaburi.” Nikaongeza kwamba ndiyo maana unamwona anavua tandiko, habari ya safari imekwisha. Fundi cherehani akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Wewe ukatoka nje. Jumapili ukafungua sanduku lako, Jumatatu ukaenda kibandani na baba, na mwezi uliofuata mimi nikapanda lori na bidhaa za kuuza miji ya watu. Umekaa pale miaka arobaini na sita.

Binti yangu alinitafsiria alichosema mzee yule. Nilimwomba arudie mara tatu, na nimeandika anavyosema, yeye akiwa shahidi. Mzee alisema: “Usiende na huyo wa kijivu, anachechemea. Mchukue wangu, yule wa kahawia. Na usirudi kabla hujaona ulichotaka kukiona.” Tandiko lilivuliwa kwa wa kijivu ili lifungwe kwa wa kahawia. Betri ingetuvumilia dakika moja zaidi, mtaa mzima ungemwona kijana anapanda, anaondoka, na baba yake anampungia mkono mpaka vumbi linatulia. Mimi nimeiona sasa. Nimeiona mara nyingi.

Ungependa niseme kwamba sikuelewa lugha, nikakosea. Nilikuwa najiambia hivyo hata mimi. Lakini binti yangu aliniuliza swali moja, yeye ni mwalimu bwana: kama ungekuwa hujui kabisa, baba, kwa nini ulichagua maneno hayo na si mengine? Jibu sikumpa yeye, nakupa wewe. Niliyachagua kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe, si televisheni. Nilijua unampenda baba kuliko mimi nimpendavyo, nikaishika kamba hiyo nikakufunga nayo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imezunguka nchi nzima na imenileta kwenye kiti hiki, mlango umefungwa kwa nje, na hata hapa sijakaa robo ya ulivyokaa wewe.

Baba alikufa amefurahi, hilo ni kweli, na saa za watu zilipona mikononi mwako. Sikuambii ili ujiliwaze. Nakuambia kwa sababu umeniomba maneno, na sitakupa yale. Mende wameyala, waache washibe. Ukitaka kumzuia mwanao, mzuie kwa kinywa chako: mwambie macho yanakwisha, unaogopa kubaki peke yako, na yeye atajua la kukujibu. Lakini usimsomee yangu ukadhani ni ya mzee mwenye hekima. Yule mzee alimpa mwanawe farasi mzima.

Ukiamua kutoniandikia tena, sitakulaumu. Ukiamua kunitukana, tumia karatasi kubwa.

Binti yangu anakusalimu, anasema pole, baba mdogo. Msalimie shemeji, ila usimsomee barua hii kabla ya chakula.

Jambo la mwisho, na ni dogo. Ulipokanyaga ule msumari ukiwa darasa la pili, nilikubeba mgongoni kwenda shule na kurudi, wiki tatu nzima, na ulikuwa mzito na ulikuwa unanivuta masikio. Uliahidi utanilipa ukikua. Sijawahi kukudai. Kabla kijana hajaondoka, funga kibanda siku moja, mje wote wawili, yeye anishike upande huu na wewe upande ule, mnishushe mpaka barabarani, nikae kwenye kiti nusu saa nitazame watu wakipita, kisha mnirudishe.

Ni mimi kaka yako,
asiyejua Kiingereza