Sauti Yako Katika Diski Mbili

Shirimatunda,
S.L.P. 1174,
Moshi.
9 Novemba 2004

Mpendwa Kaka Onesphory,

Shikamoo. Hujambo huko Oslo? Baridi imeshaanza kuuma? Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua, na macho yake sasa yanaona mwanga tu. Nimekukumbuka sana, kaka. Nikipika mtori bado nakosea na kupika wa watu watatu.

Sasa usishtuke: kompyuta uliyotuachia iligoma wiki iliyopita. Mama aliionea huruma kwa vumbi, akaifunika gubigubi kwa kitambaa chake kizito cha kufuma, nayo inafanya kazi. Joto likaiua diski ya kwanza kati ya zile mbili zinazotunza kila kitu chake. Najua utacheka. Mimi sikucheka, maana mle ndani ndimo yalimo maneno uliyomrekodia Mama siku ile unaondoka, na kila alasiri huniambia nimfungulie.

Nilijipa moyo kwa kuwa uliweka diski mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Wapi! Mashine haikuwaka. Diski ya pili ilikuwa na kila kitu, isipokuwa ile programu ndogo ya kuiamsha Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta. Hiyo uliiweka kwenye ya kwanza peke yake. Uliondoka kwa haraka mno, kaka.

 Niliona kama nimekupoteza mara ya pili.

Basi nikawasha kwa ile CD ya Linux, nikaingia kwenye diski ya pili, nikaiwekea programu hiyo. Nikanunua diski mpya mjini, nikaziunganisha zinakiliane, na safari hii programu nikaiweka kwenye zote mbili. Nikachomoa moja, mashine ikawaka. Nikairudisha diski hiyo, nikasubiri zilingane tena, nikachomoa nyingine, ikawaka! Nilipiga vigelegele peke yangu. Kitambaa nimekihamishia kwenye redio.

Baba mdogo Wenseslaus na shangazi Mektrida wanakusalimu. Wanauliza kama Krismasi hii utakuja kupanda nyumbani mlimani na wenzako.

Mama nilimfungulia jana. Ukasema kama kawaida, "Mama, Krismasi nitakuja." Siku zote Mama hukujibu, "Karibu mwanangu." Jana hakukujibu. Aliniambia nizime, kisha nikuandikie hivi: "Hayo ameshaniambia. Aje aniambie mengine."

Mungu akufungulie njia, kaka yangu.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Digna