Papa, Niliisoma Amri kwa Sauti Yangu

Papa,

Wiki iliyopita komini, manispaa yetu hapa Stockholm, iliniandikia. Wanasafisha mitambo yao ya simu, na walitaka idhini yangu wafute sauti nilizowarekodia wakati wa korona. Walikuwa wameziambatisha zote, nizisikilize kwanza nikipenda. Nilikuwa jikoni, sufuria ya sombe iko motoni. Nikabonyeza mojawapo bila kuchagua, nikajisikia mwenyewe nikisema: "Katazo la kutembelea nyumba za wazee limeongezwa muda. Tunaomba msije. Wapigieni simu wapendwa wenu."

Sauti nzuri, Papa. Tulivu, kila neno limekaa mahali pake. Nikaisikiliza hadi mwisho, nikairudia, na sombe ikaungua.

Neema akatoka chumbani kwake akiuliza kwa Kiswidi ni nini kinanuka. Huyo mjukuu wako sasa ananipita urefu, na Kiswahili hukitoa siku za sherehe tu. Lakini aliposikia ile sauti aliuliza kwa Kiswahili: "Mama, ni wewe huyo?" Nikasema ndiyo. Akasimama mlangoni akasikiliza. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyewaambia watu wasiingie. Na Babu alikuwa mle ndani?"

Hajui kuzungukazunguka na maneno, amekurithi wewe. Nilimjibu kuwa nilikuwa ninasoma tu kilichoandikwa. Akaniangalia, akarudi chumbani. Nami tangu siku ile nakuandikia barua hii kichwani, kwenye treni, kazini, hadi leo nimeketi.

Unakumbuka ulivyofurahi nilipopata kazi ya ukalimani. Kanisani ulimwambia kila mtu kuwa binti yako amekuwa mdomo wa komini, kama wewe ulivyokuwa kule Uvira, Kongo, ukipita mitaa yote na kipaza sauti chako kutangaza siku za usafi, kodi, na siku za kuchanja watoto. Ulisema kazi ni ileile, ila mimi nimepewa kiti na joto.

Ugonjwa ulipofika, sisi wakalimani hatukupumzika. Kila tangazo la komini lilitakiwa kwa lugha zote: Kisomali, Kiarabu, Kituruki, na Kiswahili chetu. Mimi nilikuwa napelekewa karatasi, naitafsiri, kisha naingia chumba kidogo chenye zulia ukutani naisoma mbele ya kipaza sauti. Wewe wakati huo ulikuwa na mwaka mmoja tayari katika nyumba ya wazee. Kiswidi kilikuwa kimeshakutoka chote, neno kwa neno, kama mtu anayehamisha vyombo. Wahudumu walikuwa wakiniambia, "Baba yako siku hizi haongei." Nami nikiingia ninakukuta unaongea bila kupumua, unauliza bei ya dagaa, unamlalamikia mama kama vile yuko chumba cha pili. Ulikuwa unaongea, Papa. Hakukuwa na wa kukusikia.

Isipokuwa Mercy. Yule Mkenya wa Nakuru, mwenye mume Mswidi, aliyekuwa akifanya zamu chache kwa wiki. Mlichekeshana ninyi wawili. Yeye anasema "Mzee, kunywa chai," wewe unamjibu, "Mtoto wa Kenya, nani alikivunja mbavu Kiswahili chako?" Na yeye anakwambia cha Kongo ndicho kilichozaliwa bila mifupa. Siku za zamu yake ulikuwa unamaliza chakula.

Halafu milango ikafungwa. Amri ya kwanza ilikuwa ya muda, nikaisoma kwa moyo mweupe kabisa. Wazee walikuwa wanakufa Stockholm nzima, Papa. Kila tulipoungana kwa simu kuomba, palitajwa jina jipya: mzee wa Rinkeby, mama wa Hässelby, yule aliyetuuzia samaki wa kukausha. Niliona ni haki milango ifungwe. Bado naona hivyo, na hapo ndipo ugumu wa barua hii ulipo.

Nilikuwa nakuja kusimama chini ya dirisha lako, upande wa maegesho ya baiskeli. Mhudumu anakusogeza na kiti, anakuonyesha mimi. Nilipunga mkono hadi bega likauma. Siku moja uliweka kiganja kwenye kioo. Siku nyingine ulitazama juu ya kichwa changu, ule mti nyuma yangu, na sikujua umeona nini.

Muda ukafika mwisho, amri ikaongezwa. Nikasoma. Ukafika mwisho tena. Siku ya kuongeza mara ya pili, fundi wa sauti aliniomba nirudie sentensi moja, akisema nimeikimbiza. Ilikuwa ile ya mwisho: kwamba anayekaribia kufa anaweza kutembelewa na mtu mmoja, kwa ruhusa ya msimamizi wa nyumba. Nikairudia polepole. Fundi akanionyesha kidole gumba.

Nilipotoka pale, simu yangu ilikuwa na ujumbe wa msimamizi: una homa tangu jana. Nikampigia papo hapo. Nikamuuliza, kwa maneno yaleyale niliyotoka kuyasoma, kama umefika hapo. Hakuwa mkali yule mama, alisikika amechoka. Akasema, "Hapana, hajafika hatua hiyo. Tutakuarifu."

Nilikuwa kituoni nasubiri treni Mercy aliponipigia. Sikuwahi kumwambia mtu simu hii. Alinong'ona. "Dada Furaha, Mzee si mzuri. Wao wanasoma karatasi, mimi naona mtu. Saa nane wakubwa wako kwenye mkutano. Mlango wa jikoni nitauacha wazi. Njoo, nikuvalishe aproni na barakoa, ukae naye dakika kumi."

Papa, nilikuwa na nafasi.

Sasa nikukumbushe hadithi yako mwenyewe, uliyotusimulia mara mia huku ukicheka. Wakati wa vita, komini ilikutuma utangaze kwamba marufuku ya kutoka nje jioni imeongezwa. Ukazunguka mtaa mzima, wanawake wakakutukana, ukawajibu, "Tangazo si la kinywa changu, ni la komini." Na jioni ileile jirani yetu Mama Zawadi akashikwa na uchungu wa kuzaa. Ukachukua kipaza sauti chako, ukatangulia mbele ya wabebaji, ukipiga kelele barabara nzima: "Komini inapita! Komini inapita!" Askari wakawapisha. Mtoto akazaliwa mzima.

Pale kituoni nilikuwa nasikia kicheko chako. Na nilikuwa nasikia pia koo langu. Tangu asubuhi lilikuwa linakwaruza kidogo, ile mikwaruzo ambayo mwaka mwingine wowote unainywea tangawizi na kusahau. Nilifikiria ghorofa yenu: yule bibi wa chumba cha mwisho aliyekuwa akikuletea gazeti ambalo hukuweza kulisoma, na yule profesa wa viatu viwili tofauti. Nikafikiria Mercy, akigunduliwa atapoteza kazi. Hizo ni sababu nzuri, zote ni za kweli. Lakini kulikuwa na nyingine, nami leo sitakuficha. Niliona aibu. Nilikuwa nimetoka kuwaambia watu wasije, mamia ya watu labda, wenye wazazi kama wangu. Nikajiona nikipita mlango wa jikoni kama mwizi wa maneno yangu mwenyewe.

Nikamwambia Mercy, "Siwezi." Akasema, "Sawa, dada. Nitakaa naye mimi," akakata.

Nilikuja hata hivyo, nikasimama upande wa baiskeli. Pazia lilikuwa limefungwa. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikarudi nyumbani. Siku ya pili yake, asubuhi, msimamizi alinipigia kusema sasa naweza kuja, ruhusa imetoka. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja alipopiga tena.

Koo langu lilipona kwa siku tatu. Kipimo kilisema sikuwa na kitu.

Mazishini tulikuwa wachache, tumesimama kila mmoja mbali na mwenzake kama nguzo za simu. Dada yako, Shangazi Mwamini, alilia kwa sauti, peke yake, bila mtu wa kumshika. Baadaye alinijia, akasahau kabisa masharti, akanikumbatia. "Mwanangu, usijilaumu. Si wewe. Ni komini iliyofunga mlango." Nikasema, "Ndiyo, Shangazi." Tangu wakati huo kila tunapokutana hilo analirudia, na mimi naitikia. Nimeitikia miaka yote hii.

Baada ya swali la Neema nilifanya nilichokuwa nakikwepa. Nilikwenda kwenye ile nyumba. Wamepaka kuta rangi ya limau, mlangoni hakuna tena meza ya kunawia, watu wanaingia na maua na watoto. Nilimuulizia Mercy. Siku hizi ndiye kiongozi wa zamu, nywele zimeingia mvi mbele. Aliponiona alishika mdomo, akanipeleka kwenye chumba chao cha kahawa na kufunga mlango.

Nilianza kuomba msamaha, akanizuia. "Ngoja, dada. Mimi ndiye nina deni la maneno kwako. Nimeogopa kukutafuta."

Akanisimulia. Siku ile saa nane aliingia chumbani kwako, akaketi kitandani akakushika mkono. Ulifungua macho ukasema, "Furaha, umechelewa." Mercy akasema moyo ulimpasuka. Alitaka kukusahihisha, kukwambia yeye ni Mercy. Badala yake akajibu, "Nisamehe, Papa. Treni ilichelewa." Wewe ukacheka, mgonjwa vile! Ukasema, "Treni za huku hazichelewi. Sema ulikuwa unajipamba." Kisha ukamuuliza kama mtoto amekula. Akasema amekula. Ukauliza, "Wewe je?" Akasema, "Na mimi nimekula." "Basi keti," ukamwambia, "usisimame kama mgeni." Akaketi. Ulishika mkono wake mpaka usingizi ukakuchukua, na hakuutoa hadi zamu ilipoisha.

"Nilimdanganya mtu anayekufa," Mercy aliniambia, "tena kwa jina lako. Miaka yote nimejiuliza utanichukia vipi."

Nilimshika mikono yote miwili, Papa. Ile ile uliyoishika. Tukalia kama watoto, mpaka mhudumu mmoja kijana akafungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu. Nilisema "Asante, asante" tu, neno dogo kama hilo. Sijui kama nimesamehewa. Najua kwamba ulidhani nilikuja, na kwamba ulinitania. Nimelibeba hilo nyumbani kama mtu anayebeba sufuria iliyojaa.

Kuna jambo lingine lazima ulisikie. Komini inaandika mpango mpya, kwa ajili ya dharura nyingine ikija, nao wametuita sisi wakalimani kutoa maoni. Juzi nilikwenda. Tulikuwa watu tisa kuzunguka meza, na vitafunio vya mdalasini. Kila mmoja alizungumzia tafsiri: ziwe fupi, zije mapema. Zamu yangu ilipofika, nilifunga karatasi yangu. Nikasema baba yangu alikufa katika lugha ambayo karibu kila mtu pale ndani aliiita kimya. Nikasema sitaki milango iachwe wazi wakati wa maradhi, nimewazika wengi mno kutaka hivyo. Lakini mnapoongeza muda, msiongeze muda tu. Kila mnapoongeza, kaeni muulize upya: ni nani humu ndani haeleweki, na ni nani mmoja wa kumwelewa, tumvalishe vizuri, tumpime, aingie mapema kabla karatasi haijasema mtu anakufa.

Ofisa aliyekuwa akiandika aliinua kichwa. Akaniomba nirudie ile ya mwisho polepole. Nikairudia, akaiandika. Sijui kama itabaki kwenye mpango. Karatasi za komini unazijua kuliko mimi, zinaingia na maneno mengi na kutoka na machache. Nitakwenda kwenye kikao kijacho, na kile cha baada yake.

Kuhusu zile sauti, nimewaruhusu wazifute. Zilifanya kazi yake. Huenda zilimweka hai mzee wa mtu mwingine, nami sitazilaani.

Papa, nimefika mahali pagumu. Jumamosi tunakuja kaburini, mimi na Neema na Shangazi Mwamini. Shangazi atapangusa jiwe lako, atashika mkono wangu, na atasema tena kuwa ni komini iliyofunga mlango. Safari hii sitaitikia. Nitamwambia kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi, niliitwa, nami nilikataa, na sababu zangu zote, nzuri na ile ya aibu. Nitamwambia Mercy ni nani. Neema atakuwa anasikiliza, na nitalisema kwa Kiswahili taratibu ili asipoteze neno. Shangazi akinikasirikia, ni haki yake, wewe ulikuwa kaka yake. Nitangoja hasira yake iishe, hata ikichukua mwaka.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika ili nisiweze kuikimbia.

Lala vizuri, baba yangu. Msalimie mama. Nakupenda.

Binti yako,
Furaha