Shati Jeupe la Sura ya Tatu

Chumba cha nyuma, nyumbani kwetu,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wanangu wote. Hamjambo? Kile kifua chako kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Nakuombea kila ninaposali. Leo nimekuombea mara mbili, na ile ya pili ilitoka kwa shida. Ukisoma utaona kwa nini.

Sisi huku hatujambo kwa rehema zake Mola. Shangazi anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Mimi mikono imechanika kwa hizi sabuni za siku hizi. Napaka mafuta nikienda kulala, asubuhi naitumbukiza tena majini. Kazi ipo, na kazi ikiwepo silalamiki.

Nina habari ambayo huijui. Nimerudi shule. Usicheke. Kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, kuna darasa la sisi watu wazima tulioachia njiani. Kuna kinyozi, kuna fundi mwashi, kuna mama mmoja muuza mboga tunayemwita Bi Kicheko, na wengine. Mwalimu ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini akisimama ubaoni tunatulia kama maji mtungini.

Mwezi uliopita alipanga vitabu kwenye benchi, akasema kila mtu achague chake mwenyewe, akakisome kwao peke yake, kisha arudi atueleze alichokiona. Basi mimi nikageuza kimoja, na nyuma yake nikakuta picha yako. Umevaa miwani, umeshika kidevu kama mtu anayeumwa jino.

Hukuniambia kuwa umeandika kitabu. Nilikikuta kwenye benchi kama nguo ambayo mwenyewe hakuifuata.

Lakini siku hiyo hilo sikuliona. Nilipiga kelele, "Huyu ni mdogo wangu! Tumbo moja, ziwa moja!" Darasa zima wakanizunguka. Kinyozi akakutazama sana, akasema pua ni ile ile, nywele tu ndizo umezidhulumu. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Kila aliyeleta nguo zake kufuliwa nilimwonyesha kitabu kabla sijapokea mzigo. Nilijisifu, mdogo wangu, nikajisifu mtaa mzima, na kitabu chenyewe sijakifungua.

Nilikisoma juu ya meza ya pasi, kidole chini ya mstari, pole pole. Nikawa najitafuta humo kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya harusi. Baba yumo. Mama yumo, Mungu amlaze pema. Hata mbwa wa jirani yumo, na tabia zake zote. Mimi nimejikuta kwenye mstari mmoja tu. Umeandika: "Dada yangu hakupenda shule."

Mimi sikupenda shule?

Baba alipofariki na Mama akaanza kufua nguo za watu, mikono yake peke yake haikutosha, na yako ilikuwa bado midogo. Nikatolewa darasa la tano. Sikukulaumu hata siku moja, maana hukuamua wewe. Nililia nyuma ya kamba ya nguo, kati ya mashuka, ili Mama asinione. Nikadhani labda na wewe hukuniona, ndiyo maana ukaandika ulivyoandika. Hilo nililimeza.

Sura ya tatu ndiyo imenikaa kooni.

Umeandika kwamba ulikuwa na shati moja jeupe la shule. Kwamba kila ulipotoka shule ulilivua, ukalifua mwenyewe kwa kipande cha sabuni, ukalianika, na alfajiri ukalipiga pasi ya mkaa huku wenzako wamelala. Umeandika namna ya kupuliza majivu kwanza, uso pembeni, ili cheche isirukie kitambaa. Umeeleza vizuri, siwezi kukataa. Na umeandika kwamba siku moja cheche iliruka ikatoboa kola, ukakaa chini ukalia kwa sababu hukuwa na shati jingine.

Aliyelia ni mimi. Wewe ulikuwa umelala, na ulipoamka ulivaa ukaenda, hata hukuigusa ile kola, kwa sababu nilikuwa nimeshaigeuza nikaishona upya, tundu likafichika chini. Ulijuaje basi kwamba niliungua roho hivyo? Ni kwa sababu nilikusimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, siku ulipokuja kwenye msiba wa Mama, tukacheka pamoja. Kumbe mwenzangu ulikuwa unachukua. Hata kilio changu umekichukua, ndugu yangu.

Nilimsomea Shangazi. Akaniambia, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akauliza, "Nani kafua?" Nikamwambia, ndivyo kilivyoandikwa. Akasema, "Huyu huyu aliyekuwa anavua kaptula anaiacha hapo hapo chini, kama nyoka na gamba lake? Labda alikuwa na pacha tukamsahau." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akashika mkono wangu, na hajazungumzia tena kitabu hicho.

Sasa sikiliza yaliyonipata Jumamosi.

Mwalimu ana swali lake moja. Kila mtu akimaliza kueleza kitabu alichochagua, humuuliza: je, ulikiamini? Kinyozi alichagua kitabu cha ufugaji wa nyuki kwa sababu kilikuwa chembamba na kina picha. Alisema amekiamini, maana nyuki walishawahi kumwuma, na wana subira kuliko wateja wake. Bi Kicheko alichagua hadithi ya mapenzi. Yeye akasema, "Sikukiamini hata chembe! Mwanamume gani huyo anaomba msamaha kabla hajabanwa?" Tukacheka hata Mwalimu akashika meza.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetayarisha kueleza ile sura ya mazishi ya Baba, ambayo umeiandika kwa haki. Lakini Mwalimu akakichukua kitabu mkononi mwangu, akasema, kwa ruhusa yangu, angependa awasomee wenzangu sura anayoipenda kuliko zote. Unajua ni ipi.

Alisoma kwa sauti nzuri, akaanzia ukurasa wa kabla yake wenye ule mstari wangu mmoja. Alipofika kwenye kola, kinyozi, mtu mzima yule, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama pale mbele, mikono nimeificha kwenye khanga.

Mwashi ndiye aliyeanza. "Haya, dada mtu! Mdogo wako anapambana na pasi alfajiri, wewe ulikuwa wapi?"

"Kalala!" akadakia Bi Kicheko. "Si ndiye aliyekimbia shule? Kitabu kimesema!"

"Kakimbia huko, leo kaja kutujazia benchi hapa," akasema mwashi.

Wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, wananipenda. Na mimi nikacheka nao. Nikasema ndiyo, nilikuwa mvivu wa kuamka.

Halafu Mwalimu akanigeukia, akaniuliza swali lake.

Wakaacha kucheka. Niliona macho yao yote yananisubiri. Nikakumbuka Mama alivyotuusia, kwamba mimi na wewe tusivuane nguo mbele ya watu hata tukosane vipi. Nikasema, "Nimekiamini."

Wakanipigia makofi. Nimetoka ibadani asubuhi hii na makofi yale bado yako masikioni. Nimesema uongo mbele ya watu waliokuja kujifunza kusoma, juu ya maisha yangu mwenyewe, ili wewe ubaki ulivyo kwenye ile picha. Na kama nisingekuandikia, sijui kama hata ungefahamu kwamba nimekufanyia hivyo.

Usiniletee habari kwamba ndivyo vitabu vinavyoandikwa, kwamba mtu anaruhusiwa kupunguza hapa na kuongeza pale. Mimi kazi yangu ni nguo. Nikikosea nikampa mtu shati la mwenzake, halafu akatoka nalo amependeza, bado shati si lake. Wala sikuandikii ili unitumie chochote. Hungepungukiwa na kitu kuniweka pale kwenye beseni, sura ileile, machozi yaleyale. Watu wangekupenda vilevile. Pengine kinyozi angelia zaidi.

Wajomba wote wanakusalimu. Shangazi anakusalimu pia, anasema kaptula zako bado ziko pale ulipoziacha, mzoee tu. Wasalimie wanangu, yule mkubwa mwambie nimefurahi kusikia anapenda masomo. Wifi mpe mkono wangu.

Limebaki moja, nalo nimetumwa. Mwalimu anataka uje siku ya kufunga mwaka wa masomo, uzungumze na darasa letu kuhusu kitabu chako. Wenzangu wameshaanza kuchanga maswali, na mengi ni ya lile shati. Akaona mimi ndiye wa kukualika, kwa kuwa ni dada yako. Basi nakualika. Njoo, watu hawa ni wema, na watakupokea kwa heshima.

Mimi siku hiyo sitakuwepo ukumbini. Nguo za watu hazijifui zenyewe, na kukusitiri mara ya pili sitaweza. Nitakuwa kwenye beseni langu kama kawaida. Ukishawaambia nani alilifua shati, mtume mtu aje kuniita. Ni mtaa wa pili tu. Nitapangusa mikono nije.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akupe kifua chenye afya na ulimi mwepesi.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ambaye hata leo sijaacha kukupenda,

Dada.