Kasuku Mdogo Yuko Juu ya Pazia

Mdogo wangu,

Nimeenda kushona, nitarudi jioni. Usifungue dirisha wala usiwashe feni. Kasuku bado yuko juu ya fimbo ya pazia, pale alipokimbilia asubuhi akikukimbia.

Hongera kwa kumzoesha haraka hivyo. Mimi mjinga kila siku natia mkono tunduni na mtama, naangalia pembeni kama sina haja naye, mpaka leo akanipandia kidoleni. Ukasema, "Dada, unambembeleza ndege kama mchumba," ukamkamata kwa juu. Kwake mkono unaotoka juu ni mwewe, ndiyo maana akakung'ata. Pole. Plasta ziko kwenye droo ya vijiko.

Tundu liko wazi, mtama umo. Usimfukuze na fagio. Kaa tu, unyamaze. Najua hilo la pili litakushinda.

~~Usimguse tena maisha yako yote.~~

Akishuka mwenyewe, mwekee kidole chini ya kifua, usitikisike. Aliponipandia alikuwa anatetemeka, na bado akapanda. Nataka na wewe uonje raha hiyo.

Dada yako